Naomba ushauri: sailensa na shabaha ya bunduki

Hamjambo wenzangu. Niko Nakuru, nina leseni, na hupiga shabaha kwa bunduki ya risasi za .308 yenye mtutu mfupi. Taabu ni masikio: nikitoka uwanjani yanalia hadi usiku. Mlio wa bunduki kama hii hufika takriban desibeli 160, na mlio wa ghafla kama huo huanza kuumiza masikio kwenye 140. Mbaya zaidi, nimeanza kushtuka kabla ya kufyatua, na risasi zinatawanyika.

Shemeji yangu anafanya kazi ya shamba New Zealand, ambako wawindaji wa sungura hutumia sailensa, yaani kipunguza mlio kinachofungwa mwishoni mwa mtutu, kama kifaa cha kawaida. Anasema alipoifunga, risasi zilianza kutua karibu karibu, lakini zote zikashuka chini ya alama, ikabidi arekebishe darubini upya. Sababu naielewa: uzito ule mwishoni mwa mtutu hubadilisha namna unavyotetemeka. Je, mshuko huo hubaki uleule kila ukiitoa na kuirudisha, au hutegemea ubora wa nyuzi za skrubu za kuifungia? Na ikishapata joto?

Hapa kwetu sheria huihesabu sailensa pamoja na bunduki, kwa hiyo sitaigusa bila idhini ya Bodi ya Leseni za Silaha. Kwa sasa navaa vizibo ndani ya masikio na vikinga vikubwa juu yake, ila hivyo vikubwa hugonga kitako nikiweka shavu. Mliozoea shabaha, mnavaa vya aina gani? Na huku kushtuka mlikuachaje?