Wanandoa wageni Maskati: tuanze na Nizwa, Sur au Salalah?

BintiTandika
Assalaam alaykum, ndugu zangu. Mimi na mume wangu tumehamia Maskati, Oman, kutoka Dar es Salaam kwa mkataba wake wa kazi, na tumepanga nyumba mtaa wa Ruwi. Yeye hupumzika Ijumaa na Jumamosi tu, nami sina kibali cha kufanya kazi, kwa hiyo siku nyingine zote huwa peke yangu nyumbani mpaka jioni. Novemba, kwa sikukuu ya taifa, tutapata siku tatu mfululizo, na tungependa kuanza kuifahamu nchi hii zaidi ya soko la Mutrah. Tunafikiria Nizwa pamoja na mlima wa Jebel Akhdar, au pwani ya Sur, au Salalah. Gari letu ni dogo, si la kupanda milima, na uwezo wetu ni wa kadiri. Naomba mliokaa huku mtulinganishie.

Baharia_Mstaafu
Wa alaykum salaam, dada. Salalah iacheni kwa sasa. Kutoka Maskati ni kama kilomita 1,000, na ukishaupita mji wa Adam sehemu kubwa ya safari ni jangwa tambarare linalomchosha dereva, hivyo siku moja itakwisha kwa kwenda na nyingine kwa kurudi. Tena watu huisifia Salalah kwa msimu wa khareef, yaani kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba, wakati upepo wa kusi, uleule tunaoujua kwetu, unapogonga milima ya Dhofar ukaleta ukungu, manyunyu na majani mabichi. Novemba majani hayo yamekwisha kukauka. Minazi, migomba na madafu ya kando ya barabara mtayakuta, na miti ya ubani ya Wadi Dawkah, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, haitaondoka. Ngojeni likizo ndefu, au mwende kwa ndege.

FundiUmeme
Naungana na mzee kuhusu Salalah, na kwa siku tatu mimi ningechagua Nizwa bila kusita. Ni kilomita 160 hivi kwa barabara nzuri. Shemeji akitoka kazini Alhamisi, ondokeni jioni hiyohiyo mkalale huko, kwa sababu soko la mifugo hufanyika Ijumaa asubuhi na humalizika mapema, kabla ya swala. Wenye mbuzi na ng'ombe huwazungusha mbele ya wanunuzi waliokaa pande zote, na bei hupandishwa papo hapo kwa kuitana. Ngome ya Nizwa, iliyojengwa karne ya 17, iko jirani na soko. Kwa gari lenu dogo mtafika pia ngome ya Bahla, kasri la Jabrin na kijiji cha Misfat al Abriyeen, ambako maji ya falaji, yaani mifereji ya kale ya kumwagilia, bado yanagawiwa mashambani kwa zamu.

Tatizo ni Jebel Akhdar. Pale Birkat al Mouz pana kizuizi cha polisi, na gari lisiloendeshwa kwa magurudumu yote manne haliruhusiwi kupanda, kwa hiyo itabidi muache lenu chini na kukodi gari lenye dereva. Mkifika juu, kiasi cha mita 2,000, Novemba ni baridi ya kuhitaji sweta usiku. Mawaridi yanayokamuliwa marashi huchanua Machi na Aprili, na makomamanga yatakuwa yamekwisha kuvunwa. Kwa hiyo mlima ningeuacha hadi Aprili.

UmmNasra
Mwanangu, mimi nilizaliwa Unguja na nimeishi Oman zaidi ya nusu ya umri wangu. Aliyosema Fundi kuhusu Nizwa ni kweli, lakini ameyapima kwa vitu vya kutazamwa. Wewe unayeshinda peke yako wiki nzima unahitaji mahali utakapozungumza na watu. Nenda Sur. Majahazi ya Sur yalikuwa yakishuka na kaskazi mpaka Lamu na Zanzibar, yakarudi na kusi yamebeba boriti za mikoko, na nyumba nyingi za huko zina ndugu waliozaliwa upande wetu. Wasalimie watu kwa Kiswahili bila kuona haya; wapo watakaokujibu na kukukaribisha kahawa na halua.

Barabara ya pwani ni lami tupu, kilomita 200 hivi. Njiani mtaona shimo la Bimmah lenye maji ya kijani, korongo la Wadi Shab, na magofu ya Qalhat, bandari aliyofika msafiri Ibn Battuta, ambaye ndiye aliyefika pia Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Hapo Sur limehifadhiwa jahazi Fatah al Khair, lililoundwa mjini humo mwaka 1951. Mkiingia Wadi Shab, vaeni nguo za heshima hata za kuogelea, na mkiona mawingu milimani msiingie kabisa, kwa maana maji ya korongo hufika ghafla hata pasiponyesha pale mlipo.

FundiUmeme
Bi Umm Nasra, hilo la kupata watu wa kuzungumza nao sikulifikiria, na nakubali kwamba lina uzito kuliko ngome. Kwa gari lao pia Sur ni nafuu, kwa sababu hawatalazimika kukodi lingine.

BintiTandika
Nimemsomea mume wangu na ameafiki Sur. Je, kasa wa Ras al Jinz, ule ufukwe wa karibu na Sur, tutawaona Novemba?

UmmNasra
Huja mwaka mzima, ila wengi hutaga kati ya Juni na Septemba, kwa hiyo msijiahidi. Wekeni nafasi mapema, kwa kuwa ufukweni usiku huingii bila mwongozaji, na msiwashe tochi wala taa za simu. Kurudi, pitieni barabara ya bara yenye michanga ya Bidiyah na mji wa Ibra. Ibra pana soko la wanawake watupu kila Jumatano asubuhi, ambako wanaume hawaingii. Siku hiyo mumeo yuko kazini, basi niandikie kando, nami nitakupitia Ruwi twende pamoja.