Je, filamu za Estonia zimekaa mno katika vita na uhamisho, zikawasahau Waestonia wa leo?

Msomaji wa Tartu (mwenye mada)

Ndugu zangu, naomba tulijadili jambo hili kwa kina, kwa kuwa baadhi yetu tunaishi pande hizi za Baltiki na filamu hizi tunazitazama ukumbini pamoja na majirani zetu. Estonia ina watu wapatao milioni 1.3 tu, kwa hiyo ni vigumu mno kwa mtayarishaji kurudisha gharama za filamu ndefu kwa tiketi za nyumbani peke yake. Sehemu kubwa ya fedha hutoka serikalini kupitia Taasisi ya Filamu ya Estonia, na ndiyo maana nasema kwamba hadithi ipi isimuliwe ni swali la umma, si la wasanii pekee.

Sasa tazameni zile zilizopewa uzito. Mwaka 2002 ilitoka Nimed marmortahvlil, ya wanafunzi waliokwenda kwenye vita vya uhuru vilivyoanza 1918. Mwaka 2014 ikaja Risttuules, ya watu waliohamishwa kwa nguvu kwenda Siberia, na mwaka uliofuata ikaja filamu iitwayo 1944, ya Waestonia waliopigana katika pande zote mbili, ya Wajerumani na ya Wasovieti. Mwaka 2018 tukapata Seltsimees laps, ya mtoto ambaye mama yake anakamatwa enzi za Stalin, kisha 2019 Tõde ja õigus, iliyotokana na riwaya ya A. H. Tammsaare, nayo imerudi karne ya 19. Hata Mandariinid, ambayo kwa kweli ni filamu ya Wageorgia iliyobebeshwa jina la Estonia, ni ya vita. Filamu zinazomwangalia Mwestonia wa leo zipo, na nyingine ni nzuri sana, kama Klass ya 2007 kuhusu uonevu shuleni, lakini hazihesabiwi kuwa filamu za taifa. Naona kilio hiki kisichoisha kinawanyima vijana nafasi ya kujiona. Mnasemaje?

Mzee wa Kumbukumbu

Kijana wangu, maneno "kilio kisichoisha" yameniuma, na sitajibu lolote lingine kabla ya hayo. Kuanzia tarehe 14 Juni 1941 watu wapatao 10,000 walitolewa na Wasovieti majumbani mwao Estonia na kupakiwa kwenye mabehewa ya mifugo, wanaume wakitengwa na wake na watoto wao. Machi 1949 wakachukuliwa wengine zaidi ya 20,000. Mimi nilisoma katika Umoja wa Kisovieti, kama Waafrika Mashariki wengi wa rika langu, na katika miaka yangu yote kule sikuwahi kumsikia mtu akilitaja jambo hilo hadharani. Watu walionyamazishwa kwa karibu nusu karne wanapofungua mdomo, wewe unaona wamezidisha?

Na hiyo Risttuules uliyoipita kwa sentensi moja, je, uliitazama kweli? Waigizaji wamesimama tuli kama waliogandishwa, mama ameshika mkono wa mtoto, askari ameinua bunduki, na kamera inapita katikati yao taratibu huku upepo peke yake ukitikisa nguo zao. Tunachosikia ni sauti ya Erna akisoma barua anazomwandikia mumewe, ambaye hajui kama yu hai. Aliyeiongoza, Martti Helde, alikuwa hajafika miaka 30 filamu ilipotoka. Si wazee waliong'ang'ania mambo yao. Ni kijana aliyeona kwamba nyumba yake ina chumba ambacho hakijafunguliwa. Kwa hiyo usiwasemee vijana wa watu.

Fundi wa Helsinki

Mzee wangu, shikamoo. Nakuheshimu, lakini hakuna aliyesema kwamba uhamisho usisimuliwe, na ukimjibu mwenye mada kana kwamba amewatukana wafu, unamfunga mdomo bila kumjibu.

Mimi nafanya kazi ya ujenzi hapa Ufini pamoja na Waestonia. Ijumaa jioni wanakimbilia meli ya kuvuka kwenda Tallinn, mwendo wa kama saa mbili hivi, na Jumatatu asubuhi wapo kazini tena, macho mekundu. Wana watoto wanaowaona mwishoni mwa wiki tu. Kuhusu watu hawa nimeona filamu moja iliyonigusa, nayo ni Võta või jäta ya 2018, iliyoongozwa na Liina Triškina-Vanhatalo. Ni kijana fundi, afanyaye kazi huku Ufini, ambaye mpenzi wake wa zamani anajifungua na kumwambia kwamba yeye mtoto hamtaki: ama umchukue, ama aende kulelewa na wengine. Anamchukua. Filamu nzima ni mwanamume asiye na fedha wala ujuzi, mwenye mtoto mchanga mikononi, na ofisi zinazomtazama kwa mashaka. Niliwaeleza wenzangu kazini na mmoja akanyamaza kwa muda mrefu. Filamu hiyo ndiyo iliyopelekwa na Estonia kwenye Oscar mwaka ule, kwa hiyo mwenye mada amekosea kidogo kusema kwamba za leo hazithaminiwi. Ila kwamba ni chache, hapo yuko sahihi kabisa.

Binti Kilindi

Mimi nimeshindwa kuendelea kusoma baada ya ile sentensi ya Mandariinid. "Filamu ya Wageorgia iliyobebeshwa jina la Estonia"! Kaka, umeandika hivyo kwa utafiti gani?

Kwa ambao hawajaiona, hadithi iko Abkhazia, eneo lililokuwa likipigana kujitenga na Georgia, mwaka 1992, vita vikiendelea, katika kijiji cha Waestonia ambao babu zao walihamia huko tangu miaka ya 1880 wakitafuta ardhi. Hicho si kitu cha kubuniwa, kwa kuwa vijiji hivyo vipo, na kimojawapo kinaitwa Estonia. Wengi walirudishwa nchi ya asili vita vilipoanza. Katika filamu wamebaki wazee wawili: Margus, mwenye shamba la machenza yaliyoiva bila wavunaji, na Ivo, anayepasua mbao na kugongomea masanduku ya kuyatia. Mapigano yanatokea mlangoni pao, na Ivo anawaingiza ndani majeruhi wawili wa pande mbili, Mchechenia na Mgeorgia, kila mmoja akitaka kumwua mwenzake. Mchechenia anaapa kumwua mwenzake, na Ivo anamfanya aahidi kwamba ndani ya nyumba hii hatamwaga damu. Anaitimiza, kwa sababu ameitoa kwa mzee mwenye nyumba. Ivo ni Lembit Ulfsak na Margus ni Elmo Nüganen, Waestonia wote wawili, katika hadithi ya Waestonia, na mtayarishaji Ivo Felt ni wa Tallinn. Kama hiyo si ya Estonia, ipi ni ya Estonia?

Msomaji wa Tartu (mwenye mada)

Dada yangu, nimeitazama na naipenda. Hata hivyo nasimama pale pale. Mwandishi wa mswada na mwongozaji ni Zaza Urushadze, Mgeorgia. Ilipigwa huko huko Georgia. Jeraha linalozungumziwa ni la Georgia na Abkhazia, na yule mzee Mwestonia amewekwa kama shahidi asiye na upande. Filamu ni ya yule aliyeibeba moyoni, si ya aliyetia sahihi kwenye hundi. Kusema hivyo hakumvunjii heshima marehemu Ulfsak, ambaye uso wake ndio unaoishikilia filamu ile tangu mwanzo hadi mwisho.

Mlango wa Bahari

Kwa kipimo hicho cha mwenye mada, tutafika pabaya. Tuchukue Vehkleja ya 2015. Hadithi ni ya Haapsalu, mji mdogo wa pwani ya Estonia, mwanzoni mwa miaka ya 1950, ambapo mwalimu anayejificha polisi wa siri wa Kisovieti anawafundisha watoto mchezo wa vitara. Imetokana na maisha ya Endel Nelis, Mwestonia. Waigizaji ni Waestonia na wanazungumza Kiestonia. Lakini mwongozaji, Klaus Härö, ni Mfini, na Ufini ndiyo iliyoipeleka kwenye Oscar kama filamu yake. Mwaka huo huo Estonia ilipeleka 1944. Ile ya Ufini, inayozungumza Kiestonia, ikaingia katika orodha fupi ya filamu tisa, na 1944 haikuingia.

Mwaka mmoja kabla mambo yalikuwa kinyume. Mandariinid, ya mwongozaji Mgeorgia, ilikwenda kwa jina la Estonia na kuwa filamu ya kwanza ya nchi hiyo kuteuliwa kuwania tuzo yenyewe, ingawa mwishowe ilichukuliwa na Ida ya Poland. Georgia nayo ilipeleka Simindis kundzuli, ambayo pia inahusu mpaka wa Abkhazia, nayo ikafika orodha fupi. Mwenye mada akishikilia kwamba mwongozaji ndiye mwenye filamu, basi mwalimu wa Haapsalu na watoto wake amewatoa kwa Wafini. Je, yuko tayari kwenda kuwaambia watu wa Haapsalu hivyo?

Mzee wa Kumbukumbu

Mmehama mada, wanangu, na mimi nimo humo humo. Hata hivyo siwezi kuacha lipite neno kwamba Ivo ni "shahidi asiye na upande". Ivo si mtazamaji. Ana kaburi analolitunza, ana mjukuu aliyemtuma Estonia wakati yeye amekataa kuondoka, na mwishoni tunaambiwa kwa nini. Mtu mwenye kaburi katika nchi ana upande katika nchi hiyo. Mwenye mada, unawasomaje watu kwa baridi namna hii?

Fundi wa Helsinki

Kuna jambo ambalo nyote mmelipita. Katika Mandariinid watu wanazungumza lugha gani kwa sehemu kubwa? Kirusi. Mchechenia, Mgeorgia na Mwestonia hawana lugha nyingine ya kuelewana. Filamu iliyoifikisha Estonia juu kuliko zote kwenye Oscar imejaa Kirusi, na hakuna aliyesema kwamba kwa sababu hiyo si ya Estonia.

Sasa njooni nyumbani. Zaidi ya robo ya wakazi wa Estonia lugha yao ya kwanza ni Kirusi. Narva, mji ulio mpakani kabisa na Urusi, karibu wote wanazungumza Kirusi. Lasnamäe, mtaa mkubwa wa maghorofa ya Tallinn, ni vivyo hivyo kwa sehemu kubwa. Katika filamu zote mlizotaja, ni ipi ambayo mhusika mkuu ni mtoto wa Narva? Kirusi kinaingia kwenye filamu hizi kikivaa sare: askari, mpelelezi, afisa. Kikivaa aproni ya jikoni au jezi ya mpira, hatukioni. Mzee amesema juu ya chumba kisichofunguliwa, nami nasema hicho nacho ni chumba.

Binti Kilindi

Fundi, hapo umenigusa, lakini usisahau kwamba lugha ni soko pia. Firebird ya Peeter Rebane, iliyotoka 2021, inahusu mapenzi yaliyokatazwa ya askari wawili katika kambi ya jeshi la anga la Kisovieti nchini Estonia, na wahusika wote wanazungumza Kiingereza. Sikuweza kuiamini hata kidogo. Kila askari alipofungua mdomo niliiona kambi ikiyeyuka. Nafuu Kirusi cha Mandariinid, ambacho kila mtu anakivuta kwa lafudhi ya kwao.

Mlango wa Bahari

Dada, hilo la Firebird ni ladha yako, na kuna waliotokwa machozi. Ninalotaka kulipinga ni picha ya mwenye mada kwamba umma unalazimishwa kutazama kale. Tõde ja õigus, iliyotengenezwa chini ya mpango wa miaka 100 ya jamhuri, ilitazamwa ukumbini na watu zaidi ya 250,000 katika nchi ya watu milioni 1.3, na inachukua karibu saa tatu. Hakuna aliyewaburuta. Humo hamna Mrusi wala Mjerumani anayelaumiwa. Kuna Andres aliyenunua shamba la mawe na matope pale Vargamäe, na Pearu, jirani anayeziba mifereji ili maji yamrudie mwenzake. Andres anafanya kazi na kusoma Biblia mpaka anageuka jiwe kwa mkewe na watoto wake. Wenzangu wa kazini hapa Tallinn walikuwa wakibishana juu ya Andres kana kwamba ni mjomba wao. Hiyo ni filamu ya leo, hata kama suruali ni za zamani.

Msomaji wa Tartu (mwenye mada)

Nakubali kwamba watu walikwenda kwa hiari, na sikuwahi kusema vinginevyo. Ila nitajibu la Fundi, kwa sababu ndilo nililokuwa nikilitafuta tangu mwanzo bila kulipatia maneno yake. Katika filamu ile ya 1944, Nüganen, ambaye ndiye aliyeiongoza, alifanya jambo la ujasiri: katikati ya filamu, Karl, aliyevaa sare ya Wajerumani na ambaye tumemfuata tangu mwanzo, anauawa na Jüri, Mwestonia mwenzake aliye katika Jeshi Jekundu, na kuanzia hapo tunamfuata Jüri. Ukumbi unalazimika kumpenda aliyemwua mtu wao. Kama mwongozaji anaweza kuwataka watu wafanye hivyo kwa sare mbili za mwaka 1944, naomba mtu mwenye fedha za umma mkononi anieleze ni kwa nini asiombwe kufanya hivyo kwa ghorofa mbili za Lasnamäe, moja yenye televisheni ya Kiestonia na nyingine yenye televisheni ya Kirusi.

Mzee wa Kumbukumbu

Kwa hilo sina ugomvi nawe. Lakini lile neno la kilio bado hujalifuta pale juu, na mimi nalisubiri.