Kocha anafukuzwa na kuondoka na dola milioni 76, chuo kingine kinabomolewa ligi: michezo ya vyuo Marekani imegeuzwa shamba la bibi

Wakuu, salaam. Kila kocha wa futiboli ya Kimarekani akitimuliwa, tunajaza kurasa tukibishana kama alistahili au alionewa. Hilo ni swali dogo. Swali kubwa ni nani alisaini ule mkataba, na kwa nini aliyesaini huwa haulizwi chochote mpaka maji yawe yamemwagika.

Chukueni kocha mmoja, jina lake Jimbo Fisher. Desemba 2017 Texas A&M walimtoa Florida State, alikokuwa amechukua ubingwa wa taifa wa msimu wa 2013, wakampa miaka 10 kwa dola milioni 75. Pesa yote ilikuwa ya uhakika: ukimfukuza, unamlipa iliyobaki. Msimu wa 2020 akashinda mechi 9 na kupoteza 1. Septemba 2021, mkataba wa kwanza ukiwa bado una uhai hadi 2027, wakamwongezea hadi 2031 na mshahara ukapanda hadi zaidi ya dola milioni 9 kwa mwaka. Mwaka 2022 timu ikashinda 5 na kupoteza 7, ikapigwa nyumbani kwake na Appalachian State. Tarehe 12 Novemba 2023, siku moja tu baada ya kuichapa Mississippi State 51 kwa 10, akatimuliwa.

Sasa someni malipo yalivyopangwa. Dola milioni 19.2 ndani ya siku 60. Halafu takriban milioni 7.2 kila mwaka hadi 2031. Jumla ni zaidi ya milioni 76. Gawanyeni hiyo ya kila mwaka kwa siku 365: karibu dola 20,000 kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, kwa mtu ambaye hafundishi hata mazoezi ya asubuhi. Na kilichonichoma zaidi ni kwamba mkataba haukuwa na kifungu cha kumtaka atafute kazi nyingine, wala cha kukata atakachopata kwingine. Kesho akiajiriwa popote, anakula pande zote mbili.

Wangeuacha ule mkataba wa 2017 kama ulivyokuwa, misimu minne iliyobaki kwa milioni 7.5 ingekuwa karibu milioni 30. Tofauti yote hiyo ya zaidi ya milioni 40 ni gharama ya sahihi moja ya 2021, iliyowekwa wakati kocha anang'ara na hakuna aliyetaka kuonekana bahili.

Mwanasheria yeyote wa michezo anajua kifungu hicho cha kutafuta kazi na kukata mshahara mpya kina thamani gani. Linganisheni na James Franklin wa Penn State. Novemba 2021 alipewa miaka 10 kwa milioni 75, za uhakika vilevile. Mwishoni mwa Septemba 2025 akapoteza kwa Oregon katika muda wa nyongeza, kisha Oktoba kwa UCLA 42 kwa 37, kisha kwa Northwestern 22 kwa 21, akafukuzwa tarehe 12. Deni lilikuwa karibu milioni 49. Ila mkataba wake ulimdai atafute kazi, na mshahara mpya ukatwe kwenye deni. Mwezi uliofuata akachukuliwa na Virginia Tech, wakakaa mezani, deni likashuka hadi milioni 9. Kifungu kimoja, milioni 40. Kule Texas A&M nani alikitoa, au nani hakukidai? Mpaka leo ningependa kuona jina.

Mchezo wenyewe unachezwa hivi, na hauna siri. Timu inashinda mechi sita, saba mfululizo. Wakala wa kocha anaacha habari ivuje kwamba chuo fulani kikubwa kinamnyemelea mteja wake. Mkurugenzi wa michezo anaingiwa na hofu, maana kocha akiondoka yeye ndiye atakayelaumiwa na wafadhili matajiri. Bodi inaitwa haraka, mkataba unaongezwa miaka, na kwa kuwa kila mwaka unaoongezwa una pesa ya uhakika, fidia inavimba hapo hapo. Wachezaji wapya wanaambiwa kocha yupo mpaka 2031. Miaka miwili baadaye timu inayumba, wafadhili wale wale wanapiga simu afukuzwe, na ndipo watu wanafungua faili na kusoma walichosaini. Kisha chuo hakilipi kocha mmoja tu. Kinamlipa aliyefukuzwa, kinamlipa mpya, kinalipa makocha wasaidizi ambao nao wana mikataba yao, na mara nyingi kinakilipa chuo alikotoka kocha mpya kwa kumvunjia mkataba.

Na aliyesaini? Mkurugenzi wa michezo aliyempa Fisher ule mkataba wa 2017 ni Scott Woodward. Mwaka 2019 akaenda LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana. Mwaka 2021, akiwa LSU, akamchukua Brian Kelly kutoka Notre Dame: miaka 10, dola milioni 95. Tarehe 25 Oktoba 2025 LSU wakapigwa nyumbani 49 kwa 25, tena na hao hao Texas A&M, na kesho yake Kelly akaondolewa. Deni: kama milioni 54. Siku chache baadaye gavana wa Louisiana, Jeff Landry, akasimama hadharani kuulaani mkataba ule, na Woodward naye akaondoka. Chuo kikajaribu kumaliza kwa kiasi pungufu, Kelly akakataa akaenda mahakamani, na mwisho chuo kikakiri kwamba kimemfukuza bila kosa la kimkataba, maana yake deni lote linasimama. Gavana alikuwa na haki ya kukasirika. Lakini hasira hiyo ilitakiwa 2021, wino ukiwa mbichi.

Mtaniambia ni pesa za wafadhili, si za walipa kodi. Sawa. Lakini mfuko wa mfadhili una mwisho. Tangu Julai 2025, baada ya jaji Claudia Wilken kuidhinisha makubaliano ya kumaliza kesi ya wanamichezo dhidi ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, chuo kinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo wake moja kwa moja, ukomo ukiwa dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Fidia ya Fisher peke yake inazidi posho ya wanamichezo wote wa chuo kizima kwa miaka mitatu. Miaka yote tuliambiwa wachezaji hawawezi kulipwa kwa sababu pesa hakuna. Pesa ilikuwepo, ilikuwa imefungwa kwenye mikataba ya watu wanaokaa nyumbani.

Sasa nije kwenye upande wa pili, kwa sababu bila huu, huo wa kwanza haueleweki. Ujasiri wa kusaini mikataba ya namna hii unatoka kwenye konferensi. Kwa wasioufuatilia mchezo: konferensi ni muungano wa vyuo vinavyocheza vyenyewe kwa vyenyewe, vinauza haki za matangazo kwa mkupuo mmoja, kisha vinagawana. Chuo kikiwa SEC au Big Ten, konferensi mbili tajiri zaidi, kinasaini kikijua televisheni italipa. Kikiwa nje ya hizo mbili, kocha mmoja mbovu anakitia kilema cha miaka.

Julai 2021 Texas na Oklahoma wakatangaza kuihama Big 12 kwenda SEC. Juni 2022 USC na UCLA wakaitupa Pac-12 kwenda Big Ten, konferensi ambayo Agosti mwaka huo ilisaini na Fox, CBS na NBC mkataba wa miaka saba wa zaidi ya dola bilioni 7. Oktoba, Big 12 wakawahi sokoni wakasaini na ESPN na Fox, na Pac-12 wakabaki wanasubiri bei nzuri zaidi. Hapo ndipo walipojimaliza. Mkataba wao wa televisheni ulikuwa unaisha 2024, na hati ya kukabidhi haki za matangazo, ile inayokifunga chuo kisiondoke na mechi zake, ilikuwa inaisha nao. Kwa hiyo kuhama hakukuwa na gharama. Konferensi nyingine, ACC, hawakuvunjika vile kwa sababu hati yao inakwenda hadi 2036. Florida State, waliomo humo, walilazimika kwenda mahakamani kutafuta mlango wa kutokea.

Colorado wakaondoka Julai 2023. Kilicholetwa mezani mwanzoni mwa Agosti kilikuwa ofa ya Apple, ya kuonyeshwa kwa kulipia mtandaoni, mapato yakitegemea idadi ya watakaojiunga. Tarehe 4 Agosti Oregon na Washington wakaenda Big Ten wakikubali karibu nusu ya mgawo, na siku hiyo hiyo Arizona, Arizona State na Utah wakaenda Big 12. Muungano ulioanza 1915 ukasambaratika ndani ya siku moja. Stanford na California wakaangukia ACC. Hilo jina linamaanisha pwani ya Atlantiki, na hao wawili wako pwani ya Pasifiki! Walikubali asilimia 30 tu ya mgawo kwa miaka saba ya mwanzo. SMU wakakubali miaka tisa bila senti ya televisheni, ilimradi waingie. Hiyo ndiyo bei ya kuogopa kuachwa.

Na msidhani ni futiboli tu inayosafiri. Mabinti wa voliboli wa UCLA sasa wana wapinzani wa ligi New Jersey, safari ya karibu kilomita 4,000 kwenda peke yake, mbali kuliko Dar es Salaam hadi Kinshasa, katikati ya muhula wa masomo. Televisheni haikuwalipa wao.

Madaraka sasa yamekaa sehemu mbili. Kuanzia 2026, katika mkataba mpya wa mtoano wa ubingwa unaolipwa na ESPN dola bilioni 1.3 kwa mwaka, SEC na Big Ten wanachukua asilimia 29 kila mmoja. ACC 17, Big 12 15, na wengine wote wanagawana kilichobaki. Na ni SEC na Big Ten wenye sauti kubwa kuhusu mtoano uchezwe vipi. Tulishaonjeshwa Desemba 2023: Florida State, bingwa wa ACC, mechi 13 bila kupoteza hata moja, akaachwa nje ya timu nne, na Alabama wa SEC aliyekuwa amepoteza moja akaingia. Sababu waliyotoa ni kuumia kwa kiungo mtupaji wao, Jordan Travis. Kwa hiyo unashinda kila mechi na bado kamati inakuhukumu kwa mechi ambazo hujacheza.

Tazameni wawili walioachwa Pac-12 wenzao walipohama, Oregon State na Washington State. Jonathan Smith alikuwa mtoto wa nyumbani Oregon State, aliichezea timu hiyo, akarudi kuifundisha, mwaka 2022 akashinda mechi 10. Novemba 2023, muungano ukiwa umekufa, akahamia Michigan State ya Big Ten. Nafasi yake akapewa msaidizi wake, Trent Bray, naye mchezaji wa zamani wa hapo. Ukiwa huna ligi, mchezaji mzuri unamlea kisha wakubwa wanamzoa. Msimu wa 2025 Bray akapoteza mechi saba za kwanza zote, akafukuzwa siku ile ile aliyofukuzwa Franklin. Na Smith? Misimu miwili tu Michigan State, Novemba 2025 naye akatimuliwa, fidia zaidi ya dola milioni 30. Waliokivunja chuo chake cha nyumbani hawakupata hata walichokifuata.

NYONGEZA: Mkuu mmoja ameuliza ningeandika nini kwenye mkataba kama ningekuwa kwenye bodi. Kwanza, kifungu cha kutafuta kazi na kukata mshahara mpya, bila mjadala. Wakala akigoma, mwacheni aondoke. Pili, uhakika ushuke kila mwaka: kwa mfano asilimia 75 miaka miwili ya mwanzo, 50 miwili inayofuata, kisha mshahara wa mwaka mmoja tu. Tatu, marufuku kuongeza mkataba kabla haujabaki miaka miwili. Nne, malipo yagawanywe kwa mwezi hadi mkataba uishe, kusiwe na ile mikupuo ya siku 60. Tano, maneno ya kumfukuza mtu kwa kosa yaandikwe kwa kutaja makosa yenyewe, maana pakiwa na utata chuo ndicho kinachoumia, kama LSU walivyojionea.

NYONGEZA YA PILI: Kwa anayesema haya ya Wamarekani hayatuhusu. Washington State ndicho chuo alichosoma Henry Rono, mkimbiaji wa Kenya. Mwaka 1978, ndani ya siku 81, alivunja rekodi nne za dunia akiwa mwanafunzi pale Pullman. Mita 5,000 alizivunjia Berkeley, kuruka viunzi na maji Seattle, mita 10,000 Vienna, na 3,000 Oslo. Samson Kimobwa alikuwa pale kabla yake, Julius Korir na Bernard Lagat wakaja baadaye. Ufadhili wa wakimbiaji kwenye vyuo vya namna ile hutegemea sana futiboli, na futiboli hutegemea ligi. Juni 2025 chuo hicho kikafuta mashindano yote ya kurusha na kuruka, mkuki, kisahani, tufe, kuruka juu na kuruka chini, kikapunguza nafasi za mbio fupi na viunzi, kikabakiza mbio ndefu. Berkeley na Seattle, alikovunjia zile rekodi mbili, vilikuwa viwanja vya wapinzani wake wa ligi moja, vyuo vya California na Washington. California sasa wako ACC. Washington wako Big Ten.