Kizunguzungu cha shingo: sindano za Kichina, fizio au dawa? Tulinganishe (Dodoma)

Mzabibu_Dom: Wakuu, habari za jioni. Mama mdogo yuko Mpunguzi, analima zabibu. Shingo inamkaza upande wa kulia, na akishinda ameinama kupogoa, akinyanyua kichwa anayumba. Alipewa vidonge vya kizunguzungu; vikiisha hali inarudi. Jirani anamsukuma akachomwe sindano za Kichina, mwanawe anataka fizio, yaani tiba ya mikono na mazoezi. Kipi kina nafuu ya kweli? Waliopitia mnisaidie.

BintiChangombe: Pole kwa kuuguza. Mimi nilichomwa. Sindano ni nyembamba kama unywele, maumivu yake madogo. Zinawekwa chini ya fuvu, pale wanapopaita Fengchi, na mabegani, kisha unalala kidogo. Shingo ililegea na usingizi ukarudi. Ila niliporudia kubeba ndoo kichwani, shingo ilikaza tena na kizunguzungu nacho kikarudi. Mazoezi ya fizio ndiyo yaliyonisimamisha. Kama pesa inatosha kimoja, aanze na fizio.

Fizio_Makole: Mkuu, kabla ya kulinganisha tiba, tujue kwanza kama kweli ni shingo. Hakuna kipimo kimoja kinachothibitisha. Daktari hufikia hapo baada ya kuondoa mengine: sikio la ndani, presha, sukari, upungufu wa damu. Picha ya eksirei ikionyesha pingili zimesagika haitoshi, maana watu wengi waliovuka miaka 50 wanazo hivyo na hawana kizunguzungu chochote.

Muulize hivi: akigeuka kitandani, je, nyumba inazunguka kwa sekunde chache kisha inatulia? Hilo mara nyingi ni sikio. Kuna chembe ndogo za chokaa zimehama mahali pake. Sindano haizirudishi, na vidonge havizirudishi. Hurudishwa kwa kumlaza mgonjwa na kumgeuza kichwa kwa hatua, njia aliyoibuni daktari John Epley wa Marekani. Wengi hupona kwa kufanyiwa mara moja au chache.

Kama ni shingo kweli, tiba ya mikono na mazoezi ndiyo yenye ushahidi bora kuliko hizo nyingine. Akupancha, yaani hizo sindano za Kichina, ina tafiti, nyingi za China, ila nyingi ni ndogo na hazikupangwa vizuri. Mimi naiheshimu kama nyongeza ya kupunguza maumivu, siiweki mbele. Vidonge kama sinarizini ni vya muda mfupi. Mzee akivimeza miezi na miezi vinaweza kumletea kutetemeka na kukakamaa mwili, na ubongo unachelewa kujizoesha. Hili linaniuma, maana nawaona wengi wakija wamechoka na vidonge.

Babu_wa_Kondoa: Na wale vinyozi wanaokuzungusha shingo mpaka ilie?

Fizio_Makole: Shikamoo mzee. Hapana, tafadhali. Mzunguko wa ghafla unaweza kuchana mshipa wa damu unaopanda kichwani kupitia shingoni, na hapo ni kiharusi. Yeyote mwenye kizunguzungu na maumivu makali mapya ya shingo, kuona vitu viwili, ulimi mzito au mkono kukosa nguvu, aende hospitali saa hiyo hiyo.

MwalimuBahi: Nyongeza kwa atakayechagua sindano. Pakiti ifunguliwe mbele yako, sindano zitupwe baadaye. Uliza kama mtoa huduma amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Anayetumia dawa za kuyeyusha damu aseme mapema. Na za mabegani zisizamishwe sana, kwani mapafu yako karibu. Kutobolewa ni nadra lakini hutokea.

Mzabibu_Dom: Asanteni kwa ushauri, Mungu awabariki. Nimempigia sasa hivi. Anasema akigeukia kulia kitandani chumba kinazunguka, na hakidumu hata dakika. Hakuna aliyewahi kumuuliza hilo. Jumatatu namleta mjini apimwe sikio kwanza, halafu shingo tuifanyie mazoezi. Sindano tumeziweka kando kwa sasa.

BintiChangombe: Asije na bodaboda, kaka. Mpandishe daladala, na uketi naye.