Kipimo kinakamata wagonjwa 90 kati ya 100, halafu mwalimu ananiambia 27%?

Mama_Zamu
Habari za jioni wadau. Mimi ni muuguzi, nasoma shahada kwa masafa, na somo linalonitoa jasho ni takwimu. Nimepata mwalimu wa mtandaoni. Jumanne na Alhamisi saa mbili usiku tunakutana kwa simu, watoto wamelala, bando limebaki la kuombea dua. Wastani, mediani, mkengeuko sanifu, hayo tulipita salama. Hata dadu mbili nilizielewa.

Juzi tumefika kwenye uwezekano wenye sharti, yaani uwezekano wa jambo ukishajua jambo jingine limetokea. Swali: kati ya watu 100, wawili wana ugonjwa fulani. Kipimo kinawakamata wagonjwa 90 kati ya 100, na kinawasingizia wazima 5 kati ya 100. Mtu kapimwa, jibu ni chanya. Je, uwezekano kwamba anaumwa kweli ni upi? Nikajibu haraka, 90%. Mwalimu akaandika kanuni ya Bayes, ile ya kukokotoa uwezekano wa namna hii, kwenye skrini, mistari minne, akapata 0.27. "Tuko pamoja?" Nikasema tuko pamoja. Hatukuwa pamoja.

Rekodi ya kipindi nimeirudia mara tatu. Hesabu naifuata, kichwa kinakataa. Miaka 11 nawapa watu majibu ya vipimo, leo niambiwe chanya ni robo na kidogo tu? Nani kakosea hapa?

Fundi_Saa
Dada, umejibu swali ambalo hukuulizwa. Ile 90 inasema: kati ya wagonjwa, wangapi watatoka chanya. Wewe umeulizwa kinyume chake: kati ya waliotoka chanya, wangapi ni wagonjwa.

Weka kanuni pembeni, kusanya watu 1,000. Wagonjwa ni 20, kipimo kinakamata 18. Wazima ni 980, kipimo kinasingizia 49. Waliotoka chanya jumla ni 67, na wagonjwa humo ni 18 tu. Gawanya. Wazima ni wengi mno, ndiyo maana hata kosa dogo kwao linazaa chanya nyingi.

Kikokotoo
Sawa, ila kwenye mtihani wataitaka kanuni. Chora jedwali la watu 1,000 kwa penseli, kisha andika kanuni chini yake, utaona namba ni zilezile. Na usione aibu: Bayes mwenyewe, mchungaji wa Uingereza, alifariki 1761 bila kulichapisha andiko lake. Rafiki yake ndiye aliyelikuta kwenye makaratasi, likasomwa mbele ya wanazuoni 1763.

Halafu huyo mwalimu unamlipa. Usipoelewa mwambie hujaelewa, yeye haoni uso wako vizuri kwenye simu.

Maabara_Kusini
Niongeze la kazini. Hiyo 27% ni kwa sababu umepima kila mtu. Mpime tena mwenye chanya kwa kipimo kingine chenye uwezo uleule, inapanda mpaka kama 87%. Sharti ni moja: makosa ya vipimo hivyo viwili yasihusiane. Kama kitu kilekile kwenye damu yake kinavidanganya vyote viwili, umerudia kosa tu.

Mama_Zamu
Asanteni sana. Leo mchana nimechukua karatasi ya grafu, nikahesabu vyumba 1,000, 25 kwa 40. Mwanangu wa darasa la tatu kapaka 20 rangi nyekundu, mimi nikatia alama ya X kwenye 18 kati ya hivyo na kwenye vyeupe 49. Nikazitazama zile X. Jamani, nyeupe zimejaa!

Nikajaribu na wodi yangu, tuseme 300 kati ya 1,000 wanaumwa. Chanya za kweli 270, za kusingiziwa 35. Inakuja karibu 89%. Kumbe ndiyo maana miaka yote sikushtuka: watu wanaofika kwetu wanakuja tayari na homa. Wanaopimwa sokoni siku ya kampeni ni hesabu nyingine kabisa.

Maabara, hiyo 87 nimeitafuta mwenyewe: kati ya wale 18 kipimo cha pili kinakamata 16.2, kati ya wale 49 kinasingizia 2.45, kwa hiyo 16.2 gawanya kwa 18.65. Ndiyo hiyo?

Maabara_Kusini
Ndiyo hiyo.