Naombeni ushauri: Corolla DX yenye injini ya 5K, nifunge Weber 45 mbili au 40 mbili?

DX_Mweupe (mleta uzi)
Wakuu habari za muda huu. Niende moja kwa moja kwenye mada.

Nina Corolla DX, KE70. Niliitoa 4K yake nikaweka 5K ya LiteAce, bomba la moshi nimelifungua, kabureta ni Weber 32/36. Gari ilikuwa inakimbia mpaka raha. Siku hizi imekuwa nzito. Ukikanyaga resi ghafla inasita kwanza, inatema moshi mweusi, halafu ndiyo inaondoka, tena kwa kujivuta. Ikiwa silensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa resi, haitulii, na ukisimama nyuma yake unanusa petroli.

Nimeamua kuachana na 32/36. Nataka Weber mbili za ubavuni, zile DCOE, kila silinda iwe na koo lake la kuvutia hewa. Swali langu ni moja tu: 45 au 40, yaani upana wa koo kwa milimita? Gari ni ya mtaani, lakini nataka nguvu za kweli. Msiniambie ninunue IST, sitaki kusikia.

Naomba kuwasilisha.

Kipanya_Tabata
Nunua IST.

Mtoto_wa_Ngamiani
Nimeweka kambi hapa, nasubiri wajuvi.

Dada_Neema
Kaka, una mke? Una watoto? Nauliza kwa sababu kila anayekuja hapa anataka gari ikimbie, hakuna hata mmoja anayeuliza breki. Hiyo KE70 nyuma ina breki za ngoma. Mdogo wangu wa kiume alikuwa na Mark II, naye kila siku nguvu, nguvu. Leo anatembelea gongo. Namshukuru Mungu yu hai. Anza na breki.

DX_Mweupe
Dada asante, breki ziko vizuri. Wakuu, 45 au 40?

FundiSpana
Kabla ya 45 au 40, nijibu haya. Jeti zilizomo ndani, vile vitundu vya kupimia petroli, ni namba ngapi? Ukizitoa plagi zina rangi gani? Ile skrubu ya mchanganyiko wa hewa na petroli, ukiikaza mpaka mwisho unaifungua mizunguko mingapi ndipo silensa inatulia? Na gari iko mkoa gani?

DX_Mweupe
Mkuu, plagi ni nyeusi, masizi makavu. Jeti sijafungua, ila aliyeisuka ni fundi anayeaminika, kabureta ni kazi yake miaka yote. Skrubu sikumbuki. Mkoa nadhani hauhusiani, kabureta ni ileile popote ilipo. Tusitoke nje ya mada.

Mzee_wa_404
Vijana mnanikumbusha mbali. Miaka ya sitini Peugeot 404 ilikuwa ndiyo gari. Safari Rally ya 1966 na ya 1967 zote zilichukuliwa na 404, dereva akiwa Bert Shankland, mtu aliyekuwa akiishi hukuhuku Tanzania. Halafu akaja Joginder Singh na Colt Lancer 1600 GSR, 1974 akashinda, 1976 akashinda tena. Tulikuwa tunalala kando ya barabara usiku kucha kusubiri gari zipite, unasikia mlio kabla hujaona taa. Matope hadi kwenye masikio. Siku hizi mnakaa na simu mnabishana namba.

Kipanya_Tabata
Mzee, na kabureta je?

Mzee_wa_404
Nakuja huko.

Turbo_Masikini
Weka turbo. Mambo ya 45 na 40 yamepitwa na wakati.

Msee_wa_Grogan
Sasa buda. Mimi niko Nairobi, hapa Grogan. Ukileta gari imetoka Mombasa, fundi wa kabureta hata kabla hajafungua boneti anakuuliza imetoka wapi. Wewe umeulizwa mkoa ukaruka swali. Ama hujawahi kutoka Dar, ama kuna kitu unaficha. Plagi nyeusi, moshi mweusi, silensa haishiki, na unasema ilikuwa poa "zamani". Zamani ilikuwa wapi?

DX_Mweupe
Sawa, kama inawasaidia. Niko Mbeya. Nilihamishwa kikazi, gari nikaipandisha mwenyewe. Kabureta ilisukwa Dar. Lakini sioni uhusiano, kwa sababu huku nimeona DX nyingine zinatembea na wala hazitoi moshi.

FundiSpana
Hizo nyingine zimesukwa hukohuko Mbeya.

Sikiliza. Dar uko usawa wa bahari. Mbeya mjini uko kama mita 1,700 juu, na kwa kimo hicho hewa ni nyepesi kwa takriban 15%. Injini inavuta ujazo uleule kila mzunguko, ila ndani ya ujazo huo hewa ni pungufu. Hapo yanatokea mawili kwa mpigo. Kwanza, nguvu zinashuka karibu kwa kiwango hichohicho, na hizo hazirudishwi na kabureta yoyote, iwe 32, iwe 45, iwe ndoo. Pili, kabureta haijui kwamba imehama. Petroli inanyonywa na mvuto wa hewa inayopita kwenye venturi, pale koo linapobana, na hewa ikiwa nyepesi petroli haipungui sawasawa nayo. Mchanganyiko unakuwa mzito, yaani petroli inazidi, kwa kama 8%. Huo ndio moshi wako, ndiyo masizi, ndiyo harufu.

Namba ya jeti ni kipenyo cha tundu: 140 ni milimita 1.40. Kupunguza petroli kwa 8% unahitaji tundu lenye kipenyo kidogo kwa kama 4%. Kwa hiyo mwenye 140 anashuka kwenye 135. Hatua moja tu, jeti mbili, na mchana mmoja wa kazi. Ndiyo maana niliuliza mkoa.

Kipanya_Tabata
Na IST inapima hewa yenyewe, kompyuta inarekebisha, unapanda Mbeya unashuka Dar hujui kitu. Mimi nilijibu swali toka mwanzo, mkanidharau.

Turbo_Masikini
Turbo nayo inarudisha hewa iliyopotea. Nami nilijibu mapema.

DX_Mweupe
FundiSpana nimekuelewa, na darasa nimelipenda. Lakini tuangalie upande wa pili. Kama hewa ni pungufu, si ndiyo sababu ya kuweka makoo makubwa ili iingie nyingi? 45 mbili ni makoo manne. Halafu, kusema kweli, kuna jamaa Dar anazo 45 safi na manifoldi yake, na nimeshamtumia nusu ya hela. Ananiwekea. Kwa hiyo mnielekeze tu namna ya kuzisuka.

Dada_Neema
Umetuma hela ndiyo unaomba ushauri?

Mtoto_wa_Ngamiani
Ndiyo kawaida yetu. Mimi nilioa kwanza ndipo nikaja hapa kuomba ushauri wa kuoa.

FundiSpana
Tupige hesabu. 5K ni ya sisi (cc) 1,486. Kwa mizunguko 6,000 kwa dakika inavuta mara 3,000, sawa na lita 4,458 za hewa kwa dakika kama silinda zingejaa kabisa. Hazijai. Injini ya kawaida inajaza kama 80%, kwa hiyo weka lita 3,500 na kitu. Hiyo 32/36 inazipitisha bila kutoka jasho.

Sasa ukiweka makoo manne ya 45, hewa ileile inatawanyika kwenye nafasi kubwa na mwendo wake unapoa. Hewa ikipita polepole kwenye venturi haina mvuto wa kunyonya petroli na kuipasua iwe ukungu. Inaingia matone. Ukikanyaga resi kwenye mataa ya pale Mafiati gari inakohoa, unapitwa na bajaji. Juu ya mizunguko 5,000 itaimba, sikatai, lakini mtaani unakaa kwenye 5,000 kwa muda gani?

45 ni za mtu aliyebadilisha kamshafti (shafti inayofungua valvu), akapandisha kompresheni na kusuka hedi. Wewe umesema umefungua bomba la moshi tu. Kamshafti ni ya nini?

DX_Mweupe
Ya kwake, ya LiteAce.

FundiSpana
Kamshafti ya kubebea viazi. Halafu kuna kingine: kwenye familia ya K, manifoldi ya hewa na ya moshi ziko upande mmoja. Weber za ubavuni zinakaa juu ya bomba la moto. Usipoweka bati la kuzuia joto, petroli inachemka kwenye bakuli la boya, na gari ikizimwa ikiwa ya moto haiwaki tena.

DX_Mweupe
Mkuu, heshima yako, lakini suala la mwinuko naona mnalikuza. Siku naihamisha hii gari ilipanda Kitonga gia ya nne, mshale kwenye 120, malori yamebaki yananishangaa. Kama hewa ingekuwa tatizo ingekufa palepale. Tatizo ni kabureta imechoka.

FataNyuki
Simama hapo. Kitonga? Mia na ishirini? Gia ya nne?

Mimi ni dereva wa semi, njia yangu ni Tunduma. Kitonga ni kona juu ya kona, ukuta upande huu, bonde upande ule, na mbele yako kuna foleni ya malori yanayopanda kwa gia ya kwanza. Hata trafiki wenye gari mpya hawapandi pale kwa 120. Hii ni chai.

Kipanya_Tabata
Chai, tena ya rangi. Nani ana maandazi?

Mtoto_wa_Ngamiani
Mimi naleta vitumbua.

Jicho_la_Mwewe
Niseme nilichokiona toka mwanzo. Mleta uzi hataki ushauri. Kila akiambiwa 32/36 inatosha anarudi kwenye 45. Ametaja "jamaa wa Dar mwenye 45 safi na manifoldi yake". Wakuu, jamaa wa Dar ni yeye. Huu uzi ni tangazo. Kesho atakuja mtu mwenye akaunti mpya kuuliza bei.

Msee_wa_Grogan
Haha, hiyo sikuwa nimeiona. Mleta uzi, piga picha ya kabureta ikiwa wazi na uweke hapa.

DX_Mweupe
Nyie watu. Nilisema Kitonga kwa maana ya safari ile, kuanzia kule chini Ruaha Mbuyuni. Ile 120 ilikuwa kwenye tambarare kabla ya mlima. Mlimani nilikuwa nyuma ya lori kama watu wote. Mmefurahi?

Na siuzi Weber. Ningekuwa muuzaji ningeandika bei. Picha siwezi, simu yangu kamera imepasuka, ila nimeshuka sasa hivi na bisibisi. Skrubu ya mchanganyiko: nimeikaza taratibu hadi ikagota, nikahesabu. Ilikuwa imefunguliwa nusu mzunguko. Nikijaribu kuifungua zaidi injini inazama, inanuka, inataka kuzima. Jeti kubwa ya koo la kwanza imeandikwa 140. Ila tundu lake linang'aa kama shaba mpya, na kingo zina mikwaruzo. Ya koo la pili iko hivyohivyo.

Jicho_la_Mwewe
Kamera imepasuka. Sawa.

FundiSpana
Mwewe, mimi hapa namwamini. Mtu anayetunga angesema skrubu iko mizunguko miwili, kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa kila mahali. Nusu mzunguko ni jibu la mtu aliyeshika bisibisi. Kawaida silensa inatakiwa itulie skrubu ikiwa imefunguliwa kati ya mzunguko mmoja na nusu na miwili. Ikitulia chini ya mmoja, jeti ya silensa ni kubwa mno.

Na huo mng'ao, DX, jeti zako zimepanuliwa. Mtu amepitisha kitu tunduni. Uliza vizuri hukohuko Dar.

DX_Mweupe
Sina haja ya kuuliza. Nilikuwepo. Nilimwambia nataka iwe na nguvu, akapitisha sindano, "kidogo tu", na kweli ikawa kali. Kwa Dar ilikuwa sawa, msimlaumu.

Msee_wa_Grogan
Woi. Kwa hiyo hiyo 140 si 140. Inaweza kuwa 145, inaweza kuwa 150, na shimo lenyewe hata si duara. Kazi ya boda hiyo, ya watu wa kutoboa jeti na waya wa breki.

FundiSpana
Basi mahesabu yangu ya hatua moja hayakufai tena. Tupa hizo jeti. Tafuta mpya zenye namba: 140, 135 na 130 za koo la kwanza, vivyo hivyo la pili, na za silensa 55 na 50. Anza na silensa, mpaka skrubu itulie kwenye mzunguko mmoja na nusu. Ndipo uende kwenye jeti kubwa: panda mlima mrefu gia ya tatu, resi chini, zima injini palepale huku umekanyaga klachi, kaa pembeni, chomoa plagi. Ukitaka kusoma plagi baada ya kuzunguka mjini na silensa za foleni, unasoma foleni. Kahawia nyepesi, umefika. Nyeupe, rudi juu hatua moja kabla hujatoboa pistoni. Kwenye hewa nyepesi taimingi ya cheche pia inakubali kuongezwa digrii mbili tatu, sikiliza tu isigonge.

Dada_Neema
Asimame pembeni pa usalama, aweke na vile viakisi vya pembe tatu.

Mzee_wa_404
Nimerudi. Zamani hizo wenye akili walikuwa na kopo la jeti kwenye gari. Za pwani na za bara.

DX_Mweupe
Asanteni wote, hata mlioleta maandazi. Jeti naagiza wiki hii. Ila wakuu, ile nusu niliyotuma hairudi, jamaa ameshafunga mzigo, unapanda basi kesho. 45 zikifika nizisuke na venturi ngapi?

FundiSpana
Wewe ni mgumu. Zitakuja na 36 au karibu na hapo. Zitoe, tafuta 30. Jeti kubwa, zidisha venturi mara nne: 120. Jeti ya hewa, ongeza 50 juu yake: 170. Hiyo ni ya kuanzia usawa wa bahari, kwa Mbeya anza na 115. Presha ya pampu isizidi psi 3, la sivyo boya halishiki. Na kamshafti.

Msee_wa_Grogan
Na hiyo 32/36 ukiitoa, niandikie pembeni. Bila jeti.