Naombeni ushauri: nimegundua sanaa iliyojificha kwenye njia yangu ya kila siku. Nitangaze ilipo au nikae kimya?

Mpitanjia

Habari zenu wakuu. Nina kawaida ya kutembea jioni, njia ileile, basi tu ninyooshe miguu baada ya kukaa kutwa nzima. Siku moja mvua ilikuwa imetoka kukatika, natazama chini nisikanyage maji, nikakutana uso kwa uso na ndege. Mdogo, anaenea kiganjani, kaundwa kwa vipande vya vigae vya bluu na njano, kabandikwa chini kabisa ya ukuta ambako mtu haangalii. Jicho lake ni kipande cha kioo. Napita hapo miaka na miaka!

Tangu hapo macho yamefunguka. Nimeona samaki nyuma ya nguzo ya umeme, na ua lililojaza ufa kwenye ngazi za daraja la waenda kwa miguu. Jina hakuna, sahihi hakuna, ila mkono ni mmoja, maana kila kimoja kina kipande chekundu kimoja mahali ambapo hukitegemei.

Sasa natamani kuweka picha mtandaoni na ramani kabisa ili wengine wafaidi. Mwenzangu ninayetembea naye hataki, anasema nitaviharibu. Halafu kuna pweza niliyemwona vizuri kabisa mwanzoni, wiki hii nimekuta kafunikwa na tangazo la karatasi, umechomoza mkono mmoja tu. Nilibandue? Na vingine nivitafuteje? Karibuni.

Kibarazani

Weka tu mkuu. Aliyetaka isionekane angeitundika chumbani kwake.

JichoKodo

Nianze na hilo la kutafuta, hayo mengine wataalamu watakuja.

Kwanza geuza njia. Unakoanzia malizia, unakomalizia anzia. Mtu ukipita upande mmoja kila siku unaona upande mmoja wa kila nguzo na kila kona, na nyuma ya vibao vya alama za barabarani huoni kamwe. Pili, toka wakati jua liko chini, asubuhi au jioni. Mwanga ukipiga ukuta ubavuni, chochote kilichotokeza kinatupa kivuli na vigae vinametameta. Saa sita mchana ukuta wote unakuwa bapa, hata ukisimama mbele yake utapita.

Tatu, na hapa ndipo penye siri yenyewe, tafuta palipovunjika. Wasanii wa aina hii wanapenda mahali ambapo hapana mwenyewe: nyufa, mashimo, pembe iliyobaki kati ya ukuta wa huyu na wa yule. Kule Lyon, Ufaransa, kuna anayejiita Ememem, tangu 2016 anaziba nyufa za njia za watembea kwa miguu kwa vigae vya rangi, na sura yake haijulikani. Chicago kuna Jim Bachor, yeye tangu 2013 anaziba mashimo ya barabarani kwa mozeki, yaani picha za vipande vidogovidogo vya vigae. Ua lako la kwenye ngazi limekaa kihivyohivyo. Kwa hiyo ukiona kiraka, inama.

Mwanamitaa

Kibarazani, nakupinga. Sanaa ya mtaani ikishajulikana ina thamani, na penye thamani wezi hawakosi. Mwaka 2012 Banksy, msanii wa mitaani wa Uingereza anayeficha jina lake halisi, alichora mtoto anayeshona bendera kwa cherehani kwenye ukuta wa duka moja kaskazini mwa London. Februari 2013 mchoro ukakatwa pamoja na kipande cha ukuta, ukaja kuibukia kwenye mnada Miami, Marekani! Na mwaka 2017 Paris, kuna watu walijifanya wafanyakazi wa jiji wakawa wanabandua mozeki za Invader, msanii Mfaransa anayezibandika kwenye kuta za miji.

Mpitanjia, simu nyingi zinahifadhi mahali ulipopigia picha ndani ya faili lenyewe. Unaweza kujisifu hujataja mtaa kumbe picha imeshasema yote. Zima mahali kwenye mipangilio ya kamera kabla ya kupiga, si baada.

Kibarazani

Sawa, lakini umeacha nusu ya habari. Huyohuyo Invader mwaka 2014 alitoa programu ya simu, ukiiona mozeki yake unaipiga picha unapata pointi. Msanii mwenyewe anataka zitafutwe. Tusiwe walinzi kuliko mwenye mali.

Mwanamitaa

Zitafutwe, ndiyo. Programu hiyo inakupa pointi ukishafika, haikuongozi mpaka mlangoni. Ndiyo hoja yangu: weka picha ya karibu, ndege na jicho lake, mtaa usitaje. Anayetaka atembee. Utamu wenyewe si ni kukutana nacho bila kutegemea? Ukimpa mtu ramani umempa kazi ya kwenda kuhakiki.

Fundi Nakshi

Mimi kazi yangu ni kuweka vigae, nijibu la pweza.

Usikimbilie kubandua. Kigae chenye uso wa kung'aa hakinyonyi maji, kwa hiyo kama karatasi imebandikwa kwa gundi ya unga, kitambaa kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu kinatosha. Unakilaza juu, unasubiri ilegee, unavuta taratibu. Kisu, msasa, brashi ya waya, marufuku. Dawa za kusafishia choo pia marufuku, asidi inakula saruji iliyojazwa katikati ya vipande, na ikishalika maji yanaingia nyuma, kigae kinaanza kuachia kimoja kimoja. Na hayo ni kwa kigae tu. Kama chini kungekuwa na karatasi iliyochorwa, maji yako yangemaliza kila kitu.

Una picha yake alivyo sasa?

Mpitanjia

Hii hapa, nimepiga jana. [picha]

Fundi Nakshi

Nimeikuza. Tazama chini ya huo mkono, kwenye saruji kuna michubuko mitatu iliyonyooka. Hiyo ni patasi. Kuna mtu alijaribu kumng'oa. Ajabu wanavyohangaika, kigae kilichoshikwa na saruji ukikibandua unabaki na vigae vilivyovunjika tu mkononi. Kabla ya kulowesha chochote, gonga mlango umuulize mwenye ukuta.

Binti Saruji

Naunga mkono kumuuliza mwenye ukuta, lakini dada/kaka Mpitanjia, usianze kumsaka msanii. Sehemu nyingi kubandika kitu kwenye ukuta wa mtu bila ruhusa ni kosa, hata kiwe kizuri namna gani. Ukimtaja umemchongea. London kuna Ben Wilson, yeye amekwepa mtego huo kwa akili: anachora juu ya chingamu zilizotemwa njiani. Anaipasha kwa moto wa gesi, anapaka vanishi, anachora picha ndogondogo kwa brashi nyembamba, anafunga na vanishi tena. Hoja yake ni kwamba hachori kwenye njia, anachora kwenye uchafu, na uchafu hauna mwenyewe. Na hata hivyo polisi walishawahi kumkamata. Sasa huyu wako mwenye saruji na vigae atasemaje?

Kibarazani

Chingamu 😂 Hapo nimevua kofia.

Mpitanjia

Wakuu, nimerudi. Nimegonga. Amefungua mzee mmoja, nikamweleza habari ya tangazo, akacheka. Kumbe kalibandika yeye mwenyewe! Anasema alikuta mtu na nyundo alfajiri akamfukuza, ndipo akachukua karatasi kuukuu akamfunika pweza asionekane. Aliyemweka hamjui na hana haja ya kumjua, ila anasema pweza haondoki. Nikamsimulia ya maji ya uvuguvugu, akasema siku akiamua kumfunua atanifuata.

Kwa hiyo la pweza limeisha. La picha nimekubaliana na Mwanamitaa: za karibu tu, mahali nimezima. Ila samaki nitamwonyesha mtu mmojammoja, kwa miguu. Kibarazani mniwie radhi.

Na nimegeuza njia kama JichoKodo alivyosema. Kuna kobe.

Kibarazani

Kobe yuko wapi?

Mwanamitaa

😂 Usimjibu huyo. Mpitanjia, umefanya vizuri, ila futa ile picha ya pweza uliyoweka hapo juu. Kulia kwake namba ya nyumba inasomeka.